Wageni kutoka Zuhura: Tafakari juu ya Historia ya Visahani Virukavyo



Wapendwa waumini, pamoja nanyi nyote mnaofuatilia tafakari hizi za kila juma,

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, vijana wawili walinisubiri nje ya sakristia. Mmoja alikuwa na video katika simu yake: mwanga unazunguka juu ya bahari, na sauti ya mtu asiyeonekana inaeleza kwamba serikali za dunia zinatuficha habari za viumbe waliotoka sayari nyingine. Akaniuliza, "Baba Padri, Kanisa linasemaje kuhusu hawa?" Kabla sijajibu, mwenzake akaongeza swali ambalo kwangu mimi lilikuwa zito zaidi: "Na wakija wakatuletea ujumbe kuhusu Mungu, tuwaamini?"

Niliwaahidi kwamba nitawajibu humu. Lakini sitaanza na jibu. Nitaanza na historia, kwa sababu jambo hili si jipya kama wanavyodhani. Swali la yule kijana wa pili liliulizwa na watu wengi miaka zaidi ya 70 iliyopita, na wako walioishi maisha yao yote juu ya jibu walilolichagua. Tukiyafahamu yaliyowapata, tutalijibu vema zaidi.

Jambo lilivyoanza

Tarehe 24 Juni 1947, siku ambayo sisi Wakatoliki huadhimisha Kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mfanyabiashara mmoja Mmarekani aitwaye Kenneth Arnold alikuwa akirusha ndege yake ndogo katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Alikuwa akiuza vifaa vya kuzimia moto, na alizoea kuruka juu ya milima ile. Siku hiyo alipotoka kidogo katika njia yake ili kuitafuta ndege ya jeshi iliyokuwa imepotea karibu na Mlima Rainier, kwa kuwa palikuwa na zawadi ya dola 5,000 kwa atakayeiona.

Ndege hiyo hakuiona. Alichokiona ni vitu tisa vyenye kung'aa, vikipita kwa mfululizo mbele ya milima. Arnold alitazama saa yake na kupima muda vilivyotumia kutoka Mlima Rainier hadi Mlima Adams: dakika moja na sekunde 42. Alipopiga hesabu, akapata mwendo wa zaidi ya maili 1,200 kwa saa, yaani karibu kilometa 1,900, hata baada ya kuupunguza kwa tahadhari. Wakati huo hapakuwa na ndege iliyokwisha kuruka kwa kasi kuishinda sauti. Jambo hilo lilifanyika kwa mara ya kwanza Oktoba mwaka uo huo.

Alipotua katika mji wa Pendleton, Oregon, aliwasimulia waandishi wa gazeti la pale. Akawaambia kwamba vitu vile vilikwenda kama kisahani kinachorushwa juu ya maji kikawa kinarukaruka. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alikuwa akieleza mwendo wake, si umbo lake. Lakini magazeti yalilipenda neno lile, na katika muda wa siku chache dunia ikapata jina jipya: visahani virukavyo. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana lina mafunzo. Mara baada ya magazeti kuandika neno "kisahani", mamia ya watu katika majimbo mengi wakaanza kuona visahani angani. Jina lilitangulia, na macho yakafuata.

Sisemi kwamba Arnold alikuwa mwongo. Hakuna sababu ya kumwita hivyo. Ila hesabu yake yote ilisimama juu ya nguzo moja: umbali. Jicho la mtu haliwezi kupima umbali wa kitu kilicho angani ikiwa halijui ukubwa wa kitu hicho. Ndege wa mwituni aliye karibu na ndege ya chuma iliyo mbali huweza kuonekana kwa ukubwa mmoja na mwendo mmoja. Ukikosea umbali, umekosea ukubwa. Ukikosea ukubwa, umekosea mwendo. Mtu mkweli kabisa aweza kusema jambo lisilo sahihi, naye asijue.

Siku 14 baadaye, tarehe 8 Julai, kambi ya jeshi ya Roswell katika jimbo la New Mexico ilitangaza kwamba imeokota kisahani kilichoanguka. Baada ya saa chache wakubwa wa jeshi wakakanusha na kusema ni puto la kupimia hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani lilitoa taarifa iliyoeleza kuwa mabaki yale yalitokana na mradi wa siri ulioitwa Mogul, uliotumia mfululizo wa maputo kusikiliza kutoka angani kama Warusi wanajaribu mabomu ya nyuklia. Kwa hiyo palikuwa na siri kweli, ila haikuwa ile iliyodhaniwa. Wenye mamlaka nao wachukue fundisho hapa: unapowaficha watu ukweli, usishangae wakijitungia wa kwao.

Jeshi hilo liliendelea kuchunguza taarifa za wananchi. Uchunguzi wake wa mwisho na mrefu kuliko yote, uliojulikana kama Blue Book, ulidumu kuanzia 1952 hadi 1969. Kwa jumla zilikusanywa taarifa 12,618 tangu 1947. Nyingi zilielezeka kwa maputo, ndege, vimondo na nyota, hasa sayari ya Zuhura, ambayo hung'aa sana jioni na alfajiri. Taarifa 701 zilibaki bila maelezo. Kutokuwa na maelezo si ushahidi wa jambo lolote. Ni kukiri tu kwamba hatujui. Na kukiri hivyo si aibu.

Mtu wa jangwani

Mpaka hapo watu walikuwa wanasema, "Tumeona kitu." Mwaka 1952 akatokea mtu aliyesema, "Nimezungumza nao."

Huyo ni George Adamski, aliyezaliwa mwaka 1891 katika eneo ambalo leo ni Poland, akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Katika miaka ya 1930 alikuwa akifundisha huko California mchanganyiko wa falsafa za Mashariki, katika kikundi alichokiita Shirika la Kifalme la Tibet. Baadaye akaishi kwenye mkahawa mdogo chini ya Mlima Palomar. Juu ya mlima huo ipo darubini ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote duniani, yenye kioo cha upana wa zaidi ya meta 5. Wageni waliokula pale mkahawani walimwona mtu mwenye darubini yake ndogo, anayeongea kwa ufasaha juu ya nyota, na wengi wakamdhania kuwa mtaalamu wa kule juu.

Tarehe 20 Novemba 1952, Adamski na wenzake sita walikwenda katika jangwa la California karibu na mahali paitwapo Desert Center. Aliwaomba wenzake wabaki mbali, akasogea peke yake. Aliporudi akasema amekutana na mtu kutoka Zuhura: kijana mzuri, mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, ambaye baadaye alimwita Orthon. Waliongea kwa ishara za mikono na kwa mawazo bila kutamka. Mgeni yule, alisema, alihuzunishwa na mabomu ya nyuklia ya wanadamu, akaonya kwamba yataleta maangamizi. Akaacha nyayo mchangani zenye alama za ajabu, na mmoja wa wale wenzake akazichukua kwa plasta, ambayo kwa bahati walikuwa wamekwenda nayo jangwani.

Kitabu alichoandika pamoja na Desmond Leslie mwaka 1953 kilienea mno. Mwaka 1955 akatoa kingine, akisimulia jinsi alivyopanda vyombo vyao na kusafiri hadi karibu na Mwezi, ambako upande wa pili usioonekana kutoka duniani una mimea na wanyama. Mei 1959 alipokelewa na Malkia Juliana wa Uholanzi katika kasri lake, jambo lililoleta kelele nyingi katika magazeti ya nchi ile.

Wengine wakafuata upesi. Truman Bethurum alisimulia juu ya nahodha mwanamke, Aura Rhanes, kutoka sayari ya Clarion, ambayo hakuna mtaalamu wa nyota anayeijua. Daniel Fry na Orfeo Angelucci nao wakaandika vitabu vyao. George Van Tassel, aliyekuwa na uwanja mdogo wa ndege jangwani penye jabali kubwa liitwalo Giant Rock, aliandaa mikutano ya kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20, na maelfu ya watu wakaenda kuwasikiliza wale waliosema wamekutana na wageni. Alijenga pia jengo la kuba ambalo, kwa maelekezo aliyodai kupewa na mgeni wa Zuhura, lingewarudishia watu ujana. Alifariki mwaka 1978 bila kulikamilisha.

Hofu iliyokuwa nyuma yake

Ndugu msomaji, ni rahisi kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka niliposoma habari hizi kwa mara ya kwanza. Lakini tuangalie tarehe. Agosti 1949 Umoja wa Kisovyeti ulilipua bomu lake la kwanza la atomiki. Tarehe 1 Novemba 1952 Marekani ililipua bomu la kwanza la haidrojeni katika Visiwa vya Marshall, na kisiwa kizima kikatoweka. Adamski alikutana na Orthon wake siku 19 tu baadaye.

Watoto wa Marekani wa miaka ile walifundishwa shuleni kujificha chini ya madawati siku bomu litakapoanguka. Wazazi wao walijua kwamba dawati halizuii bomu. Katika hali hiyo, akija mtu akasema kwamba huko juu kuna ndugu zetu wema, waliokwisha kuishinda vita, wanaotutazama kwa huruma na ambao hawatakubali tuangamie, nani asingependa kumsikiliza? Mfa maji haachi kutapatapa. Mwanasaikolojia Carl Jung aliandika mwaka 1958 kwamba, vyovyote visahani vilivyo, katika mioyo ya watu vimekuwa ishara ya kutafuta wokovu kutoka juu katika zama za hofu. Naona alikuwa na haki. Njaa ile ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika chakula walichopewa.

Baba Mtakatifu na medali

Hapa simulizi inaligusa Kanisa letu moja kwa moja. Adamski alidai kwamba tarehe 31 Mei 1963 alipokelewa Vatikano na Papa Yohane XXIII, akamkabidhi ujumbe kutoka kwa wageni wa anga, na Papa akampa medali ya dhahabu.

Waumini wazee watakumbuka siku zile. Papa Yohane alikuwa akifa kwa kansa ya tumbo. Siku hiyo hiyo ya tarehe 31 Mei alipokea Komunyo ya njiani na Mpako wa Wagonjwa, akiwa amezungukwa na wasaidizi wake kitandani, na tarehe 3 Juni akarudi kwa Muumba wake. Leo tunamwita Mtakatifu. Kumwingiza mtu anayekata roho katika hadithi ya namna hiyo, hali hawezi tena kukanusha, ni jambo linalonihuzunisha kuliko picha zote za visahani.

Lakini linalonigusa zaidi ni hili. Tarehe 11 Aprili mwaka uo huo, wiki saba kabla, Papa huyo alikuwa ametoa waraka wake Pacem in Terris, yaani Amani Duniani. Kwa mara ya kwanza waraka wa aina hiyo ulielekezwa si kwa Wakatoliki tu, bali kwa watu wote wenye mapenzi mema, na ndani yake Papa alidai silaha za nyuklia zipigwe marufuku. Onyo lile ambalo watu walilisafiria jangwani kulisikia kutoka Zuhura lilikuwa limetolewa hadharani na mzee mgonjwa, mtoto wa wakulima, tena kwa hoja ambazo kila mtu aliweza kuzisoma, kuzipima na kuzijibu. Halikuhitaji kisahani.

Zuhura yenyewe inajibu

Desemba 1962 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura na kupima joto lake. Mwaka 1970 chombo cha Kirusi, Venera 7, kilitua juu yake. Matokeo yako wazi: joto la nyuzi zaidi ya 450 za Selsiasi, linalotosha kuyeyusha risasi, chini ya mawingu ya asidi na hewa nzito ya kuponda. Hakuna kijana wa nywele za dhahabu awezaye kuishi pale. Upande wa pili wa Mwezi nao ulikwisha kupigwa picha na chombo cha Kirusi, Luna 3, Oktoba 1959. Ni mashimo na mawe matupu.

Hata kabla ya hapo, dalili zilikuwepo. Mwaka 1949, miaka mitatu kabla ya siku ile ya jangwani, Adamski alikuwa amechapisha riwaya ya safari ya kwenda Mwezini, Mirihi na Zuhura. Mambo mengi yaliyokuwa ya kubuni katika riwaya ile yalijirudia mwaka 1955 katika kitabu alichokiita cha kweli. Na mwaka 1957 wacheshi wawili, James Moseley na Gray Barker, walimwandikia barua ya uongo kwa karatasi yenye nembo ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ikimweleza kwamba kuna maofisa wanaoamini habari zake. Adamski akaitangaza kwa furaha. Moseley alikiri mchezo huo miaka mingi baadaye, Barker alipokwisha kufariki. Tuangalie basi: wale wanaodanganya huweza nao kudanganywa, tena kwa urahisi, mradi tu waambiwe wanachotaka kusikia.

Adamski alifariki Aprili 1965. Je, kazi ya Mariner na Venera ilimaliza imani ile? La. Jumuiya ya Aetherius, iliyoanzishwa Uingereza katikati ya miaka ya 1950 na dereva wa teksi wa London aitwaye George King, hufundisha kwamba uhai wa Zuhura uko katika hali ya juu isiyopimika kwa vyombo vyetu. Jumuiya hiyo hufundisha hata kwamba Yesu alitoka Zuhura. Nasi tusidhani mambo haya yako mbali: katika orodha yao ya milima mitakatifu, inayosemwa kujazwa nguvu za kiroho kutoka anga za juu, umo Mlima Kilimanjaro wetu. Wanaoishi kwenye miteremko ya mlima ule, wakilima migomba na kahawa na kusali katika makanisa yao, pengine hawajapata kusikia kwamba mlima wao umeandikishwa huko.

Usiku wa tarehe 21 Desemba

Sasa niwasimulie tukio moja ambalo wengi wetu tutajiona ndani yake. Mwaka 1954, katika mji wa Oak Park karibu na Chicago, mama mmoja, Dorothy Martin, alisema anapokea ujumbe kutoka kwa walinzi wa anga kwa njia ya mkono wake kuandika wenyewe. Aliambiwa kwamba tarehe 21 Desemba gharika itaifunika nchi, na kwamba waaminio watachukuliwa na kisahani kabla yake. Waliomfuata walikuwa watu wa kawaida, wengine wasomi. Daktari mmoja alipoteza kazi yake chuoni. Usiku ule walikaa sebuleni wakisubiri saa sita. Walikuwa wameng'oa zipu na kila kipande cha chuma katika nguo zao, kwa maana waliambiwa chuma ni hatari ndani ya chombo.

Saa sita ikapita. Hakuna aliyebisha hodi. Kuelekea saa kumi na moja alfajiri mama yule akapokea ujumbe mpya: kikundi kile kidogo kilikuwa kimetoa mwanga mwingi kiasi kwamba Mungu ameiokoa dunia isiangamie.

Miongoni mwao walikuwemo watafiti waliojifanya waumini. Wakuu wao, Leon Festinger na wenzake wawili, waliandika kitabu mwaka 1956 kilichosema kwamba unabii ulipokosa kutimia, baadhi ya waumini walizidi kuamini, na ndipo walipoanza kutafuta wafuasi. Kitabu hicho kilisomwa vyuoni kwa miaka mingi, nami nilikutana nacho nikiwa seminari. Lakini makala ya kitaaluma iliyochapishwa mwaka 2025, baada ya nyaraka zilizokuwa zimefungwa kufunguliwa, imeonyesha kwamba mambo hayakuwa hivyo kabisa. Watu wale walikuwa wakieneza habari zao hata kabla ya siku ile, kikundi kilisambaratika upesi, na watafiti wenyewe waliwachochea waumini kwa maneno na matendo yao. Nimelieleza hili kwa sababu haki ni haki. Hata msomi huweza kuona kisahani alichokwenda kukitafuta. Dorothy Martin mwenyewe, hata hivyo, aliendelea kupokea jumbe zake mpaka alipofariki mwaka 1992.

Usiku ule uliisha kwa huzuni na aibu tu. Sivyo siku zote. Machi 1997, watu 39 wa kikundi cha Heaven's Gate walijiua huko California, wakiamini kwamba chombo cha angani kinakuja kuwachukua nyuma ya nyota ya mkia ya Hale-Bopp. Na sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haki ya kuwashangaa. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia walikufa, na miongoni mwa viongozi wao walikuwamo watu waliotoka katika Kanisa letu wenyewe. Shakahola, Kenya, 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Huko hapakuwa na visahani. Palikuwa na mtu anayesema amepokea ujumbe ambao wengine hawawezi kuupima, na watu waliokubali kutomuuliza.

Padri aliyekwenda kusali

Kabla ya kumalizia, nimtaje mtumishi mmoja wa Mungu ambaye nampenda. Juni 1959, huko Boianai katika nchi ya Papua New Guinea, padri wa Kianglikana aitwaye William Gill, pamoja na watu zaidi ya 30 wa misheni yake, waliona mwanga angani na juu yake, walivyosema, maumbo kama ya watu. Kesho yake jioni vitu vile vilionekana tena. Padri Gill akapunga mkono, na ikaonekana kana kwamba nao wamepunga. Wataalamu wamebishana tangu hapo. Wengine wamesema ilikuwa Zuhura tu.

Lakini alifanya nini Padri Gill? Alipoona vitu vile haviji chini, aliingia ndani kula chakula cha jioni. Kisha, saa moja ilipofika, akawaongoza watu wake kanisani kwa sala ya jioni, na vitu vile vikiwa bado angani. Baadaye alieleza alichokiona, bila kuongeza sayari wala jina la nahodha. Hakudai kupewa ujumbe, wala hakuanzisha kundi. Alisema, "Niliona hiki," akaishia hapo. Wapendwa, huo ndio unyofu.

Tuwajibu vijana

Sasa nirudi kwenye maswali yale mawili. Kanisa linasemaje kuhusu viumbe wa sayari nyingine? Kanisa halina fundisho la imani linalosema wapo, wala linalosema hawapo. Mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alilaani kauli iliyosema Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Mwaka 1440 Nikolaus wa Cusa, aliyekuja kuwa kardinali, aliandika kwamba huenda nyota nyingine zina wakazi, na hakuna aliyemwadhibu kwa hilo. Mwaka 2008 Padri José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Vatikano cha uchunguzi wa nyota, alisema katika gazeti la Vatikano kwamba kuamini uwezekano wa viumbe hao hakupingani na imani. Wakiwapo, ni viumbe wa Mungu yule yule. Hatuna cha kuogopa. Lakini uwezekano ni jambo moja, na ushahidi ni jingine. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliyochunguza kumbukumbu za serikali tangu mwaka 1945 ilieleza kwamba haikupata ushahidi wowote wa teknolojia kutoka nje ya dunia.

Na je, wakija na ujumbe kuhusu Mungu, tuwaamini? Mtume Yohane alikwisha kutuagiza kuzipima roho, naye Mtume Paulo akawaonya Wagalatia hata juu ya malaika ajaye na Injili nyingine. Basi tupime. Mwenye ujumbe anakubali kuulizwa, au hukasirika? Ukweli unapomkanusha, hukiri kosa, au huhamisha habari zake mahali pasipofikika? Ujumbe wake unakurudisha kwa mkeo, kwa watoto wako, kwa kazi yako na kwa jirani yako, au unakutenga nao? Nani anafaidika, na nani anabaki na deni? Mizani hiyo ni ya wageni wa Zuhura, na pia ni ya nabii wa mtaani kwetu, na ya video iliyo katika simu yako. Tena ni yangu mimi Padri wenu. Mnipime nayo.

Lakini, wapendwa, kupima peke yake hakutoshi. Wale watu wa miaka ya 1950 hawakwenda jangwani kwa sababu walikuwa wajinga. Walikwenda kwa sababu waliogopa, na hapakuwa na mtu wa karibu wa kuwaambia neno la matumaini kwa upole. Kila kijana anayekesha na simu akitafuta ujumbe kutoka angani huenda ana hofu ambayo hajaulizwa. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo juma hili, tusimcheke. Tumkaribishe chai, tumsikilize mpaka mwisho, ndipo tumpe tulichonacho.

Wale vijana wawili nawasubiri Dominika ijayo, mahali pale pale, nje ya sakristia. Waje na maswali zaidi.

Mungu awabariki nyote, na niwatakie juma jema.

Padri wenu.